Sensa ya oksijeni yenye hita: pima kabla ya kung'oa

Taa ya injini ikiwaka na mashine ya kusomea kodi, yaani namba za hitilafu zilizoandikwa na kompyuta ya gari, ikataja sensa ya oksijeni, mafundi wengi hapa Arua, Uganda, wanajua njia moja tu: kushika spana, kuing'oa, na kumtuma mwenye gari akatafute nyingine. Mimi kazi yangu ni umeme wa magari, na jambo hili linanikera kwa dhati. Sensa nyingi ninazoletewa zimefungwa kwenye gazeti, zimeshahukumiwa kuwa zimekufa, lakini nikiziweka kwenye mita zinajibu vizuri. Kilichokufa ni fyuzi, au waya ulioyeyukia kwenye bomba la moshi, au soketi iliyoingia maji. Hapo mwenye gari, ambaye pengine ni dereva wa teksi anayetakiwa kupeleka hesabu kila jioni, ameshatoa pesa ya spea ambayo hakuihitaji.

Nitaeleza sensa hii inavyofanya kazi, na hasa hita yake, yaani kile kipasha joto kilicho ndani yake, kwa sababu hita ndiyo isiyoeleweka. Halafu nitaonyesha namna ya kuipima kwa mita ya kawaida ya dijitali. Namwandikia kijana aliye gereji, lakini hata mwenye gari akisoma atajua cha kumuuliza fundi wake.

Kinachotokea ndani ya bomba

Injini ya petroli inachoma vizuri kabisa ikipata kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Mafuta yakizidi hapo, petroli nyingine inatoka bila kuungua, moshi unanuka na plagi zinakuwa nyeusi. Mafuta yakipungua, gari linakosa nguvu na injini inapata joto kupita kiasi. Kompyuta ya injini inajua hewa iliyoingia, na inajua imefungua pua za mafuta kwa muda gani, lakini haijui matokeo yake mpaka mtu aunuse moshi. Huyo mnusaji ndiye sensa ya oksijeni.

Ndani ya kichwa chake chenye matundu kuna kipande cha kauri ya zirkonia chenye umbo la kastabini, kitupu katikati. Nje yake kinapita moshi wa injini. Ndani yake kuna hewa ya kawaida kutoka nje ya gari, ambayo kwa sensa nyingi inapenya kufuatia nyaya zenyewe, katikati ya uzi wa shaba na ngozi ya waya. Pande zote mbili za kauri zimepakwa platinamu nyembamba inayopitisha gesi. Kauri hii ikipata joto la kutosha, nyuzi 300 hivi za Selsiasi na kuendelea, inaruhusu ayoni za oksijeni kupita kutoka upande wenye oksijeni nyingi kwenda upande wenye chache. Msukumo huo unazaa umeme kidogo.

Mafuta yakiwa mengi, moshi hauna oksijeni karibu kabisa, tofauti ya ndani na nje ni kubwa, na sensa inatoa kama volti 0.9. Mafuta yakiwa machache, oksijeni inabaki kwenye moshi, tofauti inapungua, na volti inashuka hadi 0.1 hivi. Mstari wa katikati ni volti 0.45. Kompyuta ikiona 0.9 inapunguza mafuta, ikiona 0.1 inaongeza, kisha inapunguza tena. Kwa hiyo sensa ya mbele iliyo nzima haitulii hata kidogo injini ikiwa ya moto. Inapanda na kushuka, na huko kuhangaika ndiko kuwa hai kwake.

Gari lenye injini ya mitungi minne kwa kawaida lina sensa mbili. Ya kwanza iko kabla ya katalitiki, yaani kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba, na ndiyo inayoamua mafuta. Ya pili iko baada ya katalitiki, na kazi yake kubwa ni kuangalia kama katalitiki bado inasafisha moshi. Ukisoma kodi P0135 ni hita ya sensa ya mbele, P0141 ni hita ya nyuma. Watu wanachanganya hizi kila siku, wanabadilisha ya mbele wakati aliyelalamika ni wa nyuma. Injini za mitungi sita zenye pande mbili zina nyingine upande wa pili, na kodi zake ni P0155 na P0161. Dizeli za zamani zinazobeba abiria na mizigo huku kwetu hazina sensa hii, usihangaike kuitafuta.

Kwa nini imewekewa hita

Kampuni ya Bosch ilianza kuuza sensa hii mwaka 1976, na gari la kwanza kuipata lilikuwa Volvo lililopelekwa Marekani. Ilikuwa na waya mmoja tu na haikuwa na hita. Ilitegemea joto la moshi peke yake, kwa hiyo ilibidi ifungwe karibu sana na injini, na hata hivyo ilichelewa kuamka. Gari likikaa kwenye foleni injini ikinguruma polepole, moshi unapoa na sensa inalala tena. Mwaka 1982 Bosch wakaleta yenye hita ndani yake, na leo karibu kila sensa utakayoshika ina nyaya tatu au nne.

Hita ni kijiti chembamba cha kauri kilichochomekwa katikati ya ile kastabini, kikiwa na mkondo wa metali ndani yake. Kwenye sensa za kisasa za bapa, hita imechapishwa ndani ya kipande hichohicho. Ukiwasha gari inapata umeme wa betri, na ndani ya nusu dakika hivi, au chini ya hapo kwa sensa mpya mpya, kauri imefika kwenye joto lake la kazi bila kusubiri bomba lipate moto. Kadiri inavyopata joto, ukinzani wake unaongezeka, hivyo umeme unaopita unapungua wenyewe.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo utambuzi ulipo. Hita ikifa, sensa yenyewe haijafa. Ukitoka Arua kwenda Kampala, injini inafanya kazi nzito, bomba linakuwa moto, na sensa ya mbele inaamshwa na moshi. Inafanya kazi yake mpaka unavuka Karuma bila tatizo. Lakini ukizunguka mjini, soko hadi hospitali, hospitali hadi shuleni kuchukua watoto, unazima, unawasha, moshi haupati nafasi ya kuipasha. Kompyuta haipati habari, kwa hiyo inatumia hesabu zilizoandikwa ndani yake tangu kiwandani, na hesabu hizo zinamwaga mafuta kwa usalama wa injini. Mteja akiniambia, "Fundi, safari ndefu haina shida, hapa mjini ndiyo inanimaliza na mafuta," kitu cha kwanza ninachofikiria ni hita. Kabla sijafungua boneti nimeshapata nusu ya jibu.

Tena fikiria barabara zetu. Arua iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Ukiteremka hadi daraja la Pakwach pale Nile, umeshuka mpaka mita 600 na kidogo, hewa ni nzito zaidi. Mtu wa Kabale anaendesha karibu mita 2,000 juu ya bahari. Gari lililoundwa Japani linapatana na sehemu zote hizi kwa sababu kuna kitu kinachonusa moshi na kusahihisha hesabu. Ukimkata huyo mnusaji, ukamwacha amelala, gari linabaki na makadirio tu. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na fundi anayechomoa soketi ya sensa, akazibia taa ya injini kwa plasta nyeusi, halafu akamwambia mwenye gari kwamba limepona.

Pima hita kwanza

Zima gari, acha bomba lipoe. Bomba la moto linaunguza vibaya, na kwa kipimo hiki unataka hita iwe baridi. Fuata waya wa sensa mpaka kwenye soketi yake, ichomoe, na uangalie upande wa sensa.

Kwenye sensa ya nyaya nne, mbili zina rangi moja, na hizo ndizo za hita. Hapa kuna mtego ambao umeharibu magari mengi. Sensa za Denso, ambazo ndizo zimejaa kwenye Toyota, nyaya zake za hita ni nyeusi mbili. Buluu ni ya ishara, yaani zile volti zinazokwenda kwenye kompyuta; nyeupe ni ya ardhi ya ishara, yaani njia yake ya kurudi kwenye hasi. Sensa za Bosch na NTK ni kinyume: nyeupe mbili ndizo za hita, nyeusi ni ya ishara, kijivu ni ya ardhi. Sasa kijana anakata soketi ya zamani, anaunga nyeusi kwa nyeusi na nyeupe kwa nyeupe kwa kuwa rangi zinafanana. Amepeleka umeme wa hita kwenye njia ya ishara. Ukiwasha gari, unaweza kuua sensa mpya siku hiyohiyo, na ukikosa bahati unajeruhi kompyuta. Rangi za upande wa gari nazo ni nyingine kabisa. Fuata nafasi ya pini kwenye soketi, au mchoro wa gari hilo, usifuate macho.

Weka mita kwenye omu. Gusanisha ncha zake kwanza usome ukinzani wa nyaya za mita yenyewe, maana kwa vipimo vidogo hivi huo unadanganya. Halafu pima kati ya nyaya mbili za hita. Sensa ya kawaida ya zirkonia kwenye Toyota nyingi, ikiwa baridi, inapaswa kusoma kati ya omu 11 na 16. Sensa za aina nyingine zinaweza kusoma chini ya hapo, omu tano au sita, na bado ni nzima. Mita isiposoma kitu chochote, hita imekatika ndani, na hapo ndipo una haki ya kusema sensa ibadilishwe. Ikisoma sifuri, imejigusa ndani, na hiyo ndiyo inayochoma fyuzi. Kisha pima kati ya kila waya wa hita na mwili wa chuma wa sensa. Hapo mita isisome kitu. Ikisoma, hita inavuja kwenda kwenye bomba.

Usipime omu kwenye nyaya za ishara. Mita inapopima omu inasukuma umeme wake, na kauri ile haikuundwa kupokea umeme wa nje namna hiyo.

Halafu pima umeme unaofika

Hita ikiwa nzima, geukia soketi ya upande wa gari. Elewa kwanza mpango wake: waya mmoja unaleta umeme wa betri kupitia fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), na waya wa pili unakwenda kwenye kompyuta. Kompyuta ndiyo inayofunga njia ya ardhi, kwa kukatakata, ikiongeza au kupunguza joto inavyotaka. Kwa hiyo usitegemee kupata ardhi ya kudumu kwenye waya wa pili ukadhani umekatika.

Washa swichi. Ncha nyeusi ya mita iweke kwenye hasi ya betri, nyekundu iguse pini moja moja. Moja lazima ikupe volti za betri, 12 hivi. Usipozipata, acha sensa, nenda kwenye boksi la fyuzi. Ukizipata, chukua taa ndogo ya majaribio, iunge kati ya pini mbili za hita, kisha washa injini. Taa ikiwaka au ikipepesa, kompyuta inafanya kazi yake. Isipowaka kabisa, futa kodi kwanza ujaribu tena, kwa sababu kompyuta nyingine zikishaandika hitilafu ya hita zinaacha kuipa umeme mpaka zifutwe. Ikikataa hata baada ya kufuta, fuata waya hadi kwenye kompyuta.

Kulikuwa na gari la mwalimu mmoja lililokuwa likizima ghafla barabarani, hasa kwenye barabara mbovu. Lilikuwa limeshabadilishiwa pampu ya mafuta, na sensa ya mbele ilikuwa mpya. Kila mara fyuzi ya mfumo wa mafuta ilikuwa imekatika, wakaweka kubwa zaidi, ikakatika nayo. Nililala chini ya gari na tochi nikafuata waya wa sensa ya nyuma. Kibanio kinachoushikilia kwenye bodi hakikuwepo tena, na waya ulikuwa umening'inia mpaka juu ya bomba la moshi. Kwa juu plastiki ilionekana nzima. Nilipougeuza, upande wa chini ulikuwa umeyeyuka kwa urefu wa kidole gumba, ngozi imegeuka gundi ngumu ya kahawia, na shaba ndani yake imekuwa nyeusi. Gari likiruka shimo, shaba ile inagusa bomba, umeme wa hita unakwenda ardhini, fyuzi inakatika. Na kwa kuwa kwenye gari lile fyuzi hiyohiyo inalisha na vitu vingine vya injini, injini inazima. Nilibadilisha kipande cha waya, nikakivisha ngozi ya kuhimili joto, nikarudisha kibanio na fyuzi ya ukubwa wake halali. Sensa zote mbili zilibaki palepale.

Ndiyo maana nasisitiza: fyuzi ikikatika kila mara, usiongeze ukubwa wake. Inakuonyesha njia.

Mwisho ndipo upime ishara

Rudisha soketi. Choma pini nyembamba kwa nyuma ya soketi kwenye waya wa ishara, bila kutoboa ngozi ya waya. Mita iwe ya dijitali, kwenye volti za moja kwa moja. Injini iwe ya moto, ishikilie kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, na uangalie. Sensa ya mbele iliyo nzima itaruka kati ya 0.1 na 0.9. Toyota wanataka angalau mara 8 ndani ya sekunde 10. Ikivuka polepole, imezeeka. Ya nyuma, kwa gari lenye katalitiki nzima, inatulia juu kidogo ya nusu volti na kusogea taratibu.

Ikiwa imekwama chini, karibu 0.1, watu wanasema imekufa. Hapana. Iulize swali kwanza. Pulizia dawa ya kusafishia kabureta kidogo tu kwenye njia ya hewa, mbali na nyaya za plagi na chochote cha moto. Umeongeza mafuta. Volti ikipanda haraka kuvuka 0.8, sensa inakwambia ukweli: injini kweli inakosa mafuta, au inavuta hewa pembeni. Tafuta paipu ya vakyumu (ile inayobeba mvuto wa hewa wa injini) iliyopasuka, chujio la mafuta lililoziba, pampu dhaifu. Ikiwa imekwama juu, chomoa paipu moja ya vakyumu uipe hewa. Ikishuka haraka, ni nzima, na mafuta kweli yamezidi.

Na kabla ya yote haya angalia kama bomba la moshi limetoboka mbele ya sensa, hasa kwenye gasketi ya manifoldi, pale bomba linapoungana na injini. Kila mara moshi unapopita hapo kwa mapigo, tundu linavuta hewa ya nje ndani. Sensa inaona oksijeni, kompyuta inadhani mafuta ni machache, inaongeza. Gari linakula mafuta na kila kitu cha umeme ni kizima. Mfuate mtu wa kuchomelea, lakini kabla hajawasha mashine yake chomoa sensa na waya wa betri.

Kuna magari, Toyota nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea, ambayo mbele yamewekewa sensa ya aina nyingine inayopima uwiano wa hewa na mafuta kwa upana zaidi. Nayo ina nyaya nne na inafanana kwa macho, lakini hairuki kati ya 0.1 na 0.9, na hita yake ina omu chache sana, mbili tatu hivi au chini ya hapo. Ukiipima kwa kanuni za zirkonia utaihukumu bure. Na ukiweka moja mahali pa nyingine, gari halitakaa sawa hata siku moja. Linganisha namba iliyochapwa kwenye mwili wa sensa, siyo sura yake.

Magari ya zamani yasiyoongea na mashine

Tunaletewa magari mengi yaliyouzwa kwanza ndani ya Japani, na ya zamani kati yake hayazungumzi na zile skana ndogo za bei rahisi zinazounganishwa na simu. Fundi anachomeka, haisomi kitu, anasema kompyuta ni mbovu. Kwa Toyota nyingi za namna hiyo, unganisha pini za TC na CG kwenye soketi ya uchunguzi kwa kipande cha waya, yaani namba 13 na namba 4 kama soketi ni ya pini 16, au TE1 na E1 kama ni kile kiboksi kilicho chini ya boneti. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mara moja, ni kodi 21, sensa ya oksijeni. Hakikisha pini mara mbili kabla ya kuunganisha, maana soketi hiyo ina umeme wa betri pia.

Ikibidi kuing'oa

Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni ya jana yake. Spana ni ya 22 mara nyingi, au ile soketi yenye mpasuo wa kupitishia waya. Toyota nyingine zimefungwa kwa nati mbili ndogo kwenye uso wa bapa, na hizo hukatika ukizilazimisha. Bomba likiwa la uvuguvugu sensa inalegea kirahisi kuliko likiwa baridi kabisa.

Ikitoka, itazame kichwa chake kwenye mwanga wa jua kabla hujaitupa. Masizi meusi makavu yanamaanisha mafuta yalizidi. Unga mweupe mgumu unatokana na maji ya rejeta yaliyovuja ndani ya injini, au na silikoni isiyofaa iliyopakwa kwenye gasketi, kwa kuwa mvuke wake unafunika platinamu na hautoki tena. Rangi ya kahawia yenye utando ni oili inayoungua. Ukiweka mpya bila kutibu sababu hiyo, nayo itakufa. Petroli yenye risasi, iliyoua sensa nyingi zamani, iliondolewa kwenye nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo usiisingizie leo.

Ukiona kauri imepasuka, uliza gari linaoshwa wapi. Likiingizwa sehemu ya kuoshea likiwa limetoka safari sasa hivi, na vijana wakaelekeza maji ya pampu chini ya gari, kauri yenye joto la mamia ya nyuzi inapata maji baridi ghafla. Subiri bomba lipoe.

Sensa mpya huja na grisi maalumu kwenye hesi. Inatosha. Isiguse kichwa, na usiweke grisi wala dawa ya kupulizia ndani ya soketi, kwa sababu ile hewa ya ndani inapita hapohapo kwenye nyaya. Anza kuifunga kwa vidole mpaka ikae, kisha kaza kiasi. Funga waya kwenye vibanio vyake vyote, mbali na bomba. Futa kodi, washa injini ikiwa baridi, uone kwamba ishara inaanza kuruka ndani ya dakika moja.

Katalitiki ikiwa imekatwa na kuuzwa, sensa ya nyuma itaanza kuruka kama ya mbele na kodi P0420 itarudi kila siku. Kuna wanaoiinua sensa kwa kipande cha bomba ili idanganyike. Mimi sifanyi kazi hiyo. Watoto wanaotembea kwa miguu kando ya barabara ndio wanaovuta moshi huo.

Wengi wenu mtanunua ya mtumba, iliyotoka Kisekka au Ndeeba kule kwenye spea za Kampala, na hakuna ubaya. Nenda na mita. Linganisha namba, pima omu za hita palepale kaunta, tazama kichwa kama hakina unga mweupe. Ikifika gereji, ibane mwili wake kwenye jiliwa, unganisha mita kwenye waya wa ishara na wa ardhi, kisha ipashe kichwa kwa moto wa gesi. Volti inapaswa kupanda kuvuka 0.6, na ukiondoa moto ishuke mara moja. Muuzaji asiyekubali hita ipimwe dukani kwake, nunua kwa mwingine.